Tulikiona Wapi? Niliyojifunza Nikiwa Mhazini wa Harusi Tabora

Mwaka jana ukoo wetu ulimwozesha binti wa marehemu kaka yangu, nami, nikiwa shangazi yake, nilikabidhiwa uhazini wa kamati ya harusi. Ninaandika haya kwa ajili ya familia za Tabora na kwingineko ambazo zimekwisha kupokea barua ya posa na zinajiandaa kuitisha kikao cha kwanza. Sitazungumzia sana upishi wala ukumbi, maana kila mtaa una wajuzi wake wa mambo hayo. Ninataka kueleza jambo lililotugharimu kuliko mengine yote, nalo ni picha za harusi tulizokuwa tumezitazama kwa miaka mingi kwenye televisheni na kwenye simu, ambazo ziliamua mengi kabla sisi wenyewe hatujaulizana tunataka nini.

Kikao cha kwanza kilifanyika nyumbani kwa wifi yangu, Isevya, na makadirio tuliyoondoka nayo yalikuwa shilingi 6,000,000. Yalikuwa makadirio ya watu wanaojuana uwezo: mwalimu, muuza vitenge, fundi wa gereji, ndugu wa Urambo wanaolima tumbaku, na jamaa wachache walioko Dar es Salaam. Tulipokutana tena baada ya wiki chache, baada ya kundi la WhatsApp kufunguliwa na kila mjumbe kuanza kutumia wenzake picha na video za harusi alizoziona, makadirio yalikuwa yamefika shilingi 17,400,000. Nilisoma upya mazungumzo yote ya kundi nikitafuta mtu aliyesema, "Mimi ninataka tuwe na jambo hili," na sikumpata. Kila pendekezo lilikuja na maneno yale yale, kwamba ndivyo harusi zinavyofanyika siku hizi, na aliyejaribu kuhoji alijibiwa kwa video nyingine.

Hapo ndipo madhara ya kweli yalipoanza. Wifi yangu, kwa kuwa ni mjane na hakutaka isemwe kwamba mtoto asiye na baba ameozeshwa kinyonge, alikwenda kimya kimya kuchukua mkopo wa shilingi 1,500,000, mikopo ile ya riba kubwa ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Kati ya fedha hizo alilipa shilingi 600,000 kama malipo ya awali kwa mpiga picha wa mkoa mwingine, aliyeonekana kwenye simu akirusha droni juu ya bwawa, na zilizobaki akalipia vitambaa vya sare. Nilipata habari hizo siku alipokuja kwangu alfajiri, kabla sijatoka kwenda shuleni, akaketi mlangoni na kushindwa kuzungumza. Aliposema, alisema, "Wifi, nimeogopa watu." Nilimuuliza watu gani, naye hakuweza kumtaja hata mmoja.

Swali hilo halikunitoka. Jioni ile nilifungua daftari la hesabu, na pembeni mwa safu ya kifungu na safu ya gharama nikapiga mstari wa safu ya tatu, nikaandika juu yake: Tulikiona wapi? Kisha nikaanza kuwauliza wajumbe, mmoja baada ya mwingine, kila kifungu kilitoka wapi. Ninamshauri kila mhazini afanye hivyo mapema, kabla hajapokea hata shilingi moja ya ahadi, kwa sababu majibu yanafundisha kuliko mabishano yoyote ya kikaoni.

Keki ya ngazi nyingi yenye taa ilitoka kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili, ambayo nusu ya wajumbe wanawake walikuwa wakiifuatilia kila usiku. Picha za kabla ya harusi, zile za wachumba kupigwa wakiwa wamevaa mavazi ya aina tatu katika mandhari tatu, zilitoka kwenye ukurasa wa Instagram wa msanii mmoja wa Dar es Salaam. Gari la wazi lilitoka kwenye video ya wimbo. Mshereheshaji wa kutoka Dar es Salaam alitoka kwenye kipindi cha harusi cha televisheni. Pendekezo la kumrudisha bwana harusi apige goti na kumvisha binti pete kwa kumshtukiza mbele ya watu, ilhali mahari ilikwisha kulipwa na pete ya uchumba ilikuwa kidoleni, lilitoka kwenye video fupi ambayo hakuna aliyejua ilipigwa nchi gani. Sare za rangi tatu, za sendofu, za kicheni pati na za siku yenyewe, zilitoka kwenye harusi ya jirani wa Kiloleni, na nilipomfuata jirani huyo kumuuliza, akasema naye aliziona kwenye simu. Vilivyotoka nyumbani, yaani ambavyo mtu aliweza kusema, "Hivi ndivyo bibi alivyofanyiwa," vilikuwa vichache: mahari, mafunzo ya wakubwa kwa binti, ngoma, chakula cha pamoja, na mashangazi kumsindikiza.

Nisieleweke kwamba ninagawa mambo kuwa ya kwetu yaliyo safi na ya kuja yaliyo machafu. Nilipoanza kufuatilia nilikuta hata yale tunayoyaita desturi yalisafirishwa na vyombo vya habari vya zama zake. Gauni jeupe la kanisani, ambalo mama yangu mzazi alilitetea kuliko mtu yeyote, lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo mwaka 1840; kabla ya hapo maharusi wengi wa Ulaya walivaa nguo yao nzuri ya rangi yoyote, na ni magazeti na picha za kuchapwa zilizofanya weupe ule utamaniwe hadi ukaonekana ni sharti. Pete ya almasi nayo ina historia ya matangazo: mwaka 1947 yalitungwa, kwa ajili ya matangazo ya Marekani ya kampuni ya almasi ya De Beers, maneno yanayosema kwamba almasi ni ya milele, na maneno hayo yakaifanya pete ya jiwe ionekane kuwa kipimo cha pendo. Mwaka huo huo almasi ya rangi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, kwa jirani zetu wa Shinyanga, ilitolewa kuwa zawadi ya harusi ya Princess Elizabeth. Huwa ninawaza juu ya jiwe lile, lililotoka katika ardhi ambayo wasichana wake waliolewa vizuri kabisa bila jiwe lolote. Kwa hiyo nilipokaa na kamati sikuuliza kama jambo ni la asili au la kigeni. Niliuliza ni nani analilipia, na kama yupo kati yetu anayelitaka kwa dhati.

Kizazi changu kimeishi pande zote mbili za mabadiliko haya. Nilikulia katika nyumba yenye redio moja na stesheni moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sababu utangazaji wa watu binafsi uliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993 tu, na televisheni ya ITV ikaanza mwaka 1994. Mama yangu alikuwa akisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, wakakaa chini ya miembe wakijadili walichosikia, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Nami nilikuwa msichana mwaka 1993 ulipoanza mchezo wa redio wa Twende na Wakati. Ninamkumbuka vizuri Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njiani na ambaye mwishowe aliugua UKIMWI, kwa sababu baba zetu wadogo walianza kutaniana kwa jina hilo, na katika utani huo mambo ambayo hayakuwa yakitamkwa mezani yalianza kutamkwa. Mchezo huo ulifanyiwa utafiti wa makini: kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 na Everett Rogers na wenzake yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika, na kwamba wanandoa walizungumza zaidi kuhusu idadi ya watoto. Nguvu iliyotufikisha kwenye keki yenye taa ndiyo ile ile iliyowafanya mke na mume wazungumze. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba wakati ule tulisikiliza pamoja na kujadiliana, na leo kila mtu anatazama peke yake chini ya blanketi, kisha anakuja kikaoni akiamini kwamba wengine wote wamekwisha kukubaliana.

Utafiti ulionisaidia kuielewa kamati yetu ni wa Elizabeth Levy Paluck, uliofanyika Rwanda. Alichunguza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, ulioanza kurushwa mwaka 2004 kwa nia ya kuponya chuki baada ya mauaji ya kimbari. Vikundi vya wanakijiji vilisikiliza mchezo huo kwa muda wa mwaka mmoja, huku vikundi vingine vikisikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni yale waliyoyaona kuwa ni kawaida na yanayokubalika katika jamii yao, na pia mwenendo wao, kwa mfano uthubutu wa kusema wazi kwamba hawakubaliani na wenzao. Mtu anaweza kubaki na moyo wake ule ule na bado akaishi kwa namna nyingine, kwa sababu tu amebadilisha dhana yake kuhusu majirani.

Nililijaribu jambo hilo kwa wajumbe wetu. Nilimfuata kila mmoja mahali pake, mwingine gereji, mwingine sokoni, mwingine baada ya misa, nikamuuliza faraghani: "Wewe mwenyewe, kama hakuna atakayejua umejibu nini, ungependa tuwe na droni? Ungependa sare tatu?" Karibu wote walijibu hapana. Mwenyekiti, ambaye kikaoni alikuwa mtetezi mkubwa wa mshereheshaji wa Dar es Salaam, aliniambia kwamba yeye anampenda mshereheshaji wa hapa hapa anayejua kutania ukoo, ila alihofu wajumbe vijana wangemwona amepitwa na wakati. Vijana nao waliniambia wameyapendekeza mambo yale ili wazee wasidhani hawajali. Hata binti mwenyewe alisema, "Shangazi, mimi nilidhani mama ndiye anayetaka." Kamati nzima ilikuwa ikimtii mtu asiyekuwapo.

Ushauri wangu wa pili kwa hiyo ni huu: kabla ya kikao cha bajeti, mtu mmoja anayeaminika awaulize wajumbe mmoja mmoja, aandike majibu bila majina, kisha ayasome mbele ya wote. Nilipoyasoma majibu yale kikaoni palitokea ukimya, kisha mama mmoja akaanza kucheka kwa furaha, na ndani ya saa moja tulikuwa tumeshusha makadirio hadi shilingi 10,100,000 bila ugomvi. Ninaamini kama ningetoa hotuba ya kulaumu anasa tungeachana na chuki.

Hesabu zenyewe ni hizi. Ahadi zilifika shilingi 14,200,000, lakini fedha zilizoingia mkononi hadi wiki ya harusi zilikuwa shilingi 8,900,000. Sehemu ya pengo hilo ilikuwa ahadi za ndugu wa Urambo, ambao malipo yao ya tumbaku yalichelewa. Hao hawakuvunja ahadi, ila kalenda ya zao lao haikulingana na kalenda ya ukumbi. Familia inayotegemea ndugu wakulima na ipange tarehe baada ya kuwauliza fedha zao huingia lini, hata kama msimu wa harusi unaoonekana kwenye simu ni Desemba. Malipo ya awali ya mpiga picha hayakurudi, kwa kuwa makubaliano yalifanyika kwa simu bila maandishi. Mkopo wa wifi ulikwisha baada ya kurejesha jumla ya shilingi 2,100,000, na sehemu kubwa ya marejesho hayo aliyatoa kwenye mtaji wake wa vitenge. Meza yake sokoni ilibaki nusu kwa miezi kadhaa. Ninaeleza hili kwa ruhusa yake, naye ndiye aliyenisisitiza niandike, akisema kwamba picha za harusi zinaonyesha kila kitu isipokuwa marejesho.

Kuna gharama nyingine ambayo haikuwa na safu katika daftari. Wiki kadhaa kabla ya sendofu niligundua kwamba binti hali chakula cha jioni. Alikuwa akinywa maji ya moto na ndimu na kujifunga mkanda wa kubana tumbo mchana kutwa, kwa kuwa magauni yote aliyoyahifadhi kwenye simu yalivaliwa na wasichana wa umbo moja. Hapa Unyamwezini shangazi wa zamani angeshtuka kumpeleka bibi harusi akiwa amekonda, ingesemwa hakutunzwa. Nilimsimulia habari ya Fiji, visiwa ambavyo navyo unene wa afya ulihesabiwa kuwa uzuri. Daktari Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa shule katika eneo la Nadroga mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika, wakarudi kuhoji wasichana wa rika lile mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Binti alisikiliza bila kujibu, na simulizi peke yake haikutosha. Kilichosaidia ni kumpeleka kwa mshonaji wa Ng'ambo aliyempima mwili wake alionao na kumshonea gauni kwa vipimo hivyo, na kumwomba aziondoe zile kurasa kwenye simu yake hadi siku ipite. Aliziondoa mwenyewe mbele yangu. Walezi wa maharusi, waulizeni mabinti zenu wanakula nini katika majuma yale, maana katika pilikapilika za vikao hakuna anayetazama sahani.

Yapo mambo ya simu na televisheni ambayo tuliyabakiza kwa kuyapenda. Kicheni pati, ambayo mama zetu hawakuwa nayo kwa jina wala kwa sura hiyo, tuliifanya mchana mmoja uani, tukaiunganisha na mafunzo ya wakubwa; mama yangu, bibi yake binti, akapewa kiti cha mbele na muda wa kutosha, na simu zote zikakusanywa kwenye kapu ili aseme yanayosemwa kati ya wanawake bila hofu ya kurekodiwa. Huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyoyafanya. Sendofu tuliifuta, fedha yake ikaenda kwenye chakula. Mshereheshaji alikuwa wa hapa hapa, na kwa kuwa upande wa bwana harusi ni Wazaramo, watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara, alijua mahali pa kuwachokoza na mahali pa kuwaheshimu. Utani ule ulijaza ukumbi kwa namna ambayo mgeni aliyekariri vichekesho vya televisheni asingeweza. Kikundi cha ngoma kilitoka Uyui. Keki ilikuwa moja, isiyo na taa. Ndugu mmoja wa Dar es Salaam alinong'ona kwamba mambo yamepungua. Shangazi mkubwa alimpelekea sahani ya pili ya pilau, na hakurudia.

Video tulipiga, kwa kijana wa mjini kwa bei tuliyoandikiana. Kwa hilo nina ushauri mahsusi. Mpeni mpiga video orodha ya mambo mnayotaka yaonekane, kwa sababu msipompa atapiga yale yale aliyoyaona kwenye video nyingine: viatu vya bibi harusi, pete juu ya ua, gari likifunguliwa mlango. Tulimwomba arekodi wasia wa wazee bila kuufunika kwa muziki, majina ya koo zote mbili yakitajwa, akina mama wakipika usiku, na sura za ndugu waliotoka mbali.

Video hiyo sasa inazunguka, kama zilivyozunguka zile zilizotufikia sisi, na mwezi uliopita mama mmoja wa Cheyo anayemwozesha bintiye alikuja kuiomba. Nilimpa, na pamoja nayo nikampa nakala ya daftari lote, pamoja na ukurasa wa mkopo na ile safu ya tatu. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama ni kweli watu hawakulalamika kukosa sendofu. Nikamjibu kwamba walalamikaji walikuwepo, nikamtajia ni akina nani katika ukoo wetu na walichangia kiasi gani, naye akaomba kalamu ili aanze kuwauliza wajumbe wake mmoja mmoja kabla ya kikao cha Jumapili.